Gita la Umeme na Vikuza Sauti Vyake Mashariki ya Kongo: Kutoka Vali hadi Tarakimu

Utangulizi

Mpiga gita wa Katoyi, mtaa wenye msongamano mkubwa wa watu katika komini ya Karisimbi mjini Goma, hukabiliwa na swali lile lile linalowakabili wenzake wa Ulaya, Marekani na Japani: je, kikuza sauti kilicho bora ni kile cha analogia au ni kile cha tarakimu? Maneno ya swali hayatofautiani, lakini maana yake si moja. Huko ng'ambo swali hili huhusu zaidi ladha ya sikio. Mjini Goma huhusu pia umeme, uzito, fundi na lugha.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba historia ya gita mashariki ya Kongo haiwezi kutenganishwa na historia ya mahali vilipokuwa vikuza sauti na studio. Pili, kwamba mahali hapo palichangia kuamua lugha ya nyimbo zilizorekodiwa, na kwa hiyo jambo hili linawahusu moja kwa moja wanafunzi wa Kiswahili. Tatu, kwamba mipaka kati ya analogia na tarakimu si myembamba wala si wazi kama inavyodhaniwa, na kwamba kila upande una hasara yake mahali ambapo umeme hauaminiki.

Analogia na tarakimu: maana ya istilahi

Uzi wa gita la umeme unapotikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa waya, huzaa mkondo mdogo wa umeme unaopanda na kushuka sawasawa na mtikisiko wenyewe. Mkondo huo ni mfano wa sauti, na ndiyo maana mfumo wake huitwa wa analogia. Kikuza sauti cha analogia huupokea mfano huo na kuutia nguvu bila kuuhesabu. Mfumo wa tarakimu hufanya kazi nyingine kabisa: huupima mkondo mara nyingi kwa sekunde na kuandika kila kipimo kuwa namba. Diski ya CD, kwa mfano, hutunza vipimo 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo huchaguliwa kati ya ngazi 65,536. Baada ya hapo, mwangwi, mkwaruzo au mtetemo wowote anaoutaka mpigaji hupatikana kwa kukokotoa, kisha namba hugeuzwa tena kuwa mkondo na kupelekwa kwenye spika.

Kukokotoa huko kunahitaji muda. Mpigaji hugusa uzi, na sauti hutoka baada ya milisekunde chache. Baadhi ya watetezi wa analogia hulalamikia ucheleweshaji huo. Hata hivyo yafaa kukumbuka kwamba sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde, yaani sentimita 34 kwa kila milisekunde. Mtambo unaochelewesha kwa milisekunde tatu haumwathiri mpigaji kuliko angeathirika kwa kusogea mita moja kutoka kwenye spika yake.

Aidha, kuna mitambo inayosimama katikati. Mwaka 1969 wahandisi wa Philips nchini Uholanzi walibuni saketi ya kuchelewesha sauti ambayo hufanya kazi kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za maji: kila kidaka hupokea chaji ya umeme kutoka kwa jirani na kumpa anayefuata, vidaka 1,024 au hata 4,096 kwa mfululizo. Saketi hiyo hukata wakati vipande vipande kama ifanyavyo tarakimu, lakini haihesabu kiasi cha maji yaliyomo ndooni. Ndiyo iliyotumika katika mitambo ya kutia mtetemo na mwangwi ya miaka ya 1970, kama CE-1 ya kampuni ya Boss ya mwaka 1976, ambayo wapenzi wa analogia huihesabu kuwa yao bila shaka yoyote. Kwa hiyo hata ndani ya mtambo mmoja mipaka hiyo huingiliana.

Gita kavu la Katanga na gita la umeme la Léopoldville

Gita la kwanza kupata sifa kubwa katika eneo la Kongo linalosema Kiswahili halikuwa la umeme. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki kutoka Afrika Kusini, alimrekodi kijana Jean Bosco Mwenda mjini Jadotville, mji ambao leo huitwa Likasi. Wimbo wake "Masanga" ulisambaa mbali sana, na upigaji wake wa vidole viwili, gumba na shahada, uliigwa na kuchunguzwa na wengi. Mwenda, pamoja na Losta Abelo na Edouard Masengo, aliimba kwa Kiswahili cha Katanga. Gita lao halikuhitaji waya wala soketi: mpigaji mmoja aliweza kutoka nyumbani, kukaa chini ya mti au kwenye baa, na kusikiwa na wote waliomzunguka.

Mambo yalikuwa tofauti Léopoldville, Kinshasa ya leo. Wafanyabiashara Wagiriki walikuwa wamefungua studio huko: Ngoma mwaka 1948, na Loningisa mwaka 1950. Mwaka 1953 mpiga gita Mbelgiji Bill Alexandre alifika kufanya kazi na studio ya CEFA, na ndiye anayetajwa kwa kawaida kuwa aliyeleta gita la umeme katika muziki wa mji huo. Mwaka huo huo Franco Luambo, akiwa kijana wa miaka kumi na mitano tu, alianza kurekodi Loningisa. Mwaka 1956 likazaliwa kundi la OK Jazz, na upande wa African Jazz akatokea Nicolas Kasanda, aliyeitwa Docteur Nico. Katika miaka michache gita moja likawa magita mawili, kisha matatu: la kusindikiza, la solo, na lile la katikati liitwalo mi-solo.

Vikuza sauti vya wakati huo vilikuwa vya vali. Transista ilibuniwa mwishoni mwa 1947 nchini Marekani, lakini haikuingia kwa wingi katika vikuza sauti vya magita hadi katikati ya miaka ya 1960. Kwa hiyo sauti ya rumba ya Kongo katika miaka ya uhuru, ukiwemo wimbo "Indépendance Cha Cha" uliorekodiwa Brussels mwaka 1960, ni sauti iliyopita katika vali, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine.

Hapa ndipo tofauti na muziki wa roki inapoanza. Vali ikisukumwa kupita kiasi chake haikati wimbi ghafla, bali hulikunja pole pole na kuzaa mkwaruzo ambao masikio ya wapenzi wa roki huuona mtamu, na ambao hurefusha maisha ya noti. Upigaji wa Kongo haukuhitaji mkwaruzo huo. Katika sebene noti hufuatana upesi, na magita matatu hujibizana kwa mifumo inayopishana. Noti ikirefushwa na kukwaruzwa, hufunika ile inayofuata, na mazungumzo ya magita hupotea. Sifa iliyotafutwa ilikuwa uwazi: kila noti isikike, kila gita lijulikane. Sifa kuu ambayo kwayo vali hutukuzwa leo haikuwa na kazi kubwa katika muziki huu, na ndiyo sababu kuja kwa transista, na baadaye kwa tarakimu, hakukuzusha maombolezo kama yale yaliyosikika kwingineko.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba mkwaruzo haukuwahi kupendwa Kongo. Kundi la Konono No. 1 la Kinshasa, lililoongozwa na Mingiedi Mawangu, lilitia umeme katika likembe kwa kutumia vinasa sauti vilivyoundwa kwa mikono na sumaku zilizotolewa katika vipuri vya magari. Mkwaruzo uliotokea haukukusudiwa, lakini kundi liliukubali na kuufanya kuwa sehemu ya muziki wake. Albamu yao "Congotronics" ya mwaka 2004 iliwavutia wasikilizaji wa muziki wa elektroniki wa Ulaya, ambao walikuwa wakitafuta mkwaruzo wa namna hiyo kwa mitambo ya bei kubwa.

Vyombo vilipo, ndipo lugha ilipo

Kwa mtazamo wa lugha, jambo la kuzingatiwa ni hili: studio kubwa na vikuza sauti vilikusanyika Léopoldville, na huko lugha ya muziki ilikuwa Kilingala. Gita kavu la Kiswahili lilikuwa na makao yake Katanga, lakini gita la umeme lilipotawala masoko na redio, lilitawala pamoja na Kilingala. Si kwamba Kiswahili hakikufaa kuimbwa kwa gita la umeme. Ni kwamba mwenye kikuza sauti ndiye aliyekuwa na sauti.

Wanamuziki wengi wa mashariki na kusini walitafuta njia nyingine, nayo ilielekea mashariki zaidi. Mwenda na Masengo walikuwa wamekwisha kutangulia Nairobi. Katika miaka ya 1970, hasa baada ya hatua za kutaifisha biashara zilizotangazwa Zaire tarehe 30 Novemba 1973 kuvuruga uagizaji wa bidhaa na vipuri, msafara uliongezeka. Baba Gaston alipita Dar es Salaam kabla ya kufika Nairobi. Orchestra Maquis du Zaire ilifanya makao Dar es Salaam. Super Mazembe na Les Mangelepa zilijulikana kutokea Nairobi. Na mwaka 1981 Samba Mapangala aliunda huko Orchestra Virunga, kundi lenye jina la milima ya volkano inayoonekana kutoka Goma.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, Maniema, mwaka 1947, akafika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila. Sehemu kubwa ya kazi yake aliiimba kwa Kiswahili, na mji ulimpokea hata kituo cha basi cha Sinza kikaitwa kwa jina lake hadi baada ya kifo chake mwaka 2010. Mtoto wa Kongo ya mashariki alipata sauti yake ya Kiswahili ng'ambo ya Tanganyika, mahali alipopata vyombo.

Neno hilo "vyombo" linastahili kuangaliwa. Katika Kiswahili cha wanamuziki wa Tanzania, vyombo si magita na ngoma tu, bali ni pamoja na vikuza sauti, spika na vinasa sauti, yaani mali yote ya bendi. Mara nyingi mali hiyo ilikuwa ya mwajiri, awe chama cha wafanyakazi, shirika au mfanyabiashara, na mwanamuziki aliyehama bendi aliondoka mikono mitupu. Kwa hiyo kusema kwamba bendi "imepata vyombo vipya" kulikuwa habari ya kazi na ya riziki, wala si ya ufundi peke yake.

Goma: hesabu ya umeme

Kwa muda mrefu mji wa Goma ulitegemea umeme wa mto Ruzizi, upande wa kusini wa Ziwa Kivu. Baadaye ziliongezeka nguvu za kituo cha Matebe huko Rutshuru, kilichozinduliwa mwaka 2015, na za mtambo wa jua wa Nuru, wenye megawati 1.3, uliozinduliwa mjini humo mwaka 2020. Vyanzo hivyo vilipunguza giza lakini havikuliondoa. Mapigano yaliyofikia kilele kwa M23 kuingia Goma tarehe 27 Januari 2025 yalikata njia za umeme na maji za mji mzima.

Katika hali hiyo yafaa kufanya hesabu. Kikuza sauti mashuhuri cha vali, Fender Twin Reverb, kina vali kubwa nne na ndogo sita. Kila vali lazima ipashwe moto na waya wa ndani wenye volti 6.3. Vali kubwa nne hutumia karibu wati 23 kwa kupashwa moto tu, na ndogo sita karibu wati 11. Kwa hiyo wati 34 zimekwisha kutumika kabla ya noti moja kupigwa, na nyingine nyingi zaidi hufuata muziki unapoanza. Betri ya gari ya volti 12 na ampia-saa 60 hubeba wati-saa 720 kwa nadharia. Ikiwa haitakiwi kuharibika upesi, nusu yake tu ndiyo itumike, yaani 360. Ukipashwa moto bila kupigwa, mtambo huo wa vali ungeimaliza nusu hiyo kwa takriban saa kumi. Ukipigwa kwa nguvu zake, saa hizo huwa chache sana. Mtambo mdogo wa tarakimu unaotumia wati tano ungeweza kuishi kwa betri hiyo hiyo siku tatu mfululizo, usiku na mchana.

Tatizo la pili ni kuyumba kwa volti. Kikuza sauti cha vali hutumia transfoma ya chuma iliyofungwa waya kwa kipimo maalumu. Volti 220 zikishuka hadi 160, kila kitu ndani yake hushuka kwa kiwango hicho hicho: waya wa kupasha moto hupata volti 4.6 badala ya 6.3, vali hupoa, na sauti hufifia. Kinyume chake, mitambo mingi ya tarakimu hutumia vyanzo vya umeme vinavyokubali chochote kati ya volti 100 na 240. Mtambo huo hauoni tofauti hadi umeme ukatike kabisa.

La tatu ni uzito. Twin Reverb ina kilo 29 hivi. Mwaka 2019 kampuni hiyo hiyo ilitoa mfano wa tarakimu wa mtambo huo wenye kilo 15, na mitambo ya sakafuni ya tarakimu huwa na kilo chache tu. Katika mji uliokimbiwa na watu kwa sababu ya lava ya Nyiragongo mwaka 2002 na tena 2021, na kwa sababu ya vita zaidi ya mara moja, tofauti ya uzito si jambo la raha. Kilo 29 huachwa nyumbani. Mtambo wa kilo mbili hutiwa mfukoni pamoja na nguo za mtoto.

Fundi na kifo cha mtambo

Hesabu hiyo ingeweza kuonekana kuwa imemaliza mjadala, lakini kuna upande wa pili. Mtambo wa analogia hufa kidogo kidogo na hufufuliwa. Vipingamizi, kapasita na transista vyake vikubwa huonekana kwa jicho, hupimwa kwa kipimo cha kawaida, na huondolewa kwa chuma cha kuchomea risasi. Fundi wa redio aliyejifunza kazi kwa fundi mwingine, bila shule, anaweza kuisoma njia ya mkondo kutoka soketi hadi spika. Maarifa hayo hukaa mtaani, naye fundi hufundisha mwanafunzi.

Mtambo wa tarakimu hufa mara moja. Chipu yake ina mamilioni ya vijenzi visivyoonekana, na programu iliyomo ni siri ya kiwanda. Ikiharibika, fundi wa Katoyi hana la kufanya ila kuondoa spika na swichi ili zitumike kwingine. Kwa maana hiyo kuhamia tarakimu ni kuhamisha maarifa kutoka mtaani kwenda kiwandani. Hata hivyo vali nazo hazimo mikononi mwa fundi wa Goma: tangu viwanda vya Magharibi vipunguze kazi hiyo katika miaka ya 1980, vali za magita hutoka hasa Urusi, Uchina na Slovakia. Mtambo unaoweza kuokolewa kwa urahisi zaidi mtaani si wa vali wala wa tarakimu, bali ule wa transista, usio na watetezi katika mjadala wa ng'ambo.

Lugha ya sauti

Kila hatua ya historia hii imeacha alama katika msamiati. Kiswahili sanifu kina "kikuza sauti", lakini "kipaza sauti" hutumika kwa chombo kinachopokea sauti na kwa kile kinachoitoa, jambo linalotatiza fundi anayetaka kusema ni kipi kimeharibika. Kiswahili cha Goma kimetatua tatizo hilo kwa kuchota kutoka Kifaransa: "ampli", "mikro", "bafle". Mtu anaweza kuyaona maneno hayo kuwa doa. Lakini yana kazi, kwa kuwa kila moja lina maana moja tu.

Kwa upande mwingine, maneno yanayoeleza ubora wa sauti yamebaki ya Kiswahili chenyewe. Sauti husemwa kuwa safi au chafu, nzito au nyepesi, na gita husemwa kuwa linasema au linalia. Vivumishi hivyo havijali kama ndani ya sanduku mna vali au namba. Vinahukumu kile kinachosikika. Wanaleksikografia wa Kiswahili wangefaa kuvikusanya kutoka kwa wapigaji na mafundi wenyewe kabla ya kubuni istilahi mezani.

Hitimisho

Imeonekana kwamba katika miaka ya 1950 vikuza sauti vilikuwa Léopoldville, na gita la umeme likaimba kwa Kilingala. Katika miaka ya 1970 wanamuziki wa mashariki walivifuata Nairobi na Dar es Salaam, na wengine wao wakapata huko wasikilizaji wa Kiswahili. Mtambo wa tarakimu umeleta hali ya tatu. Kompyuta moja, kamba ya gita na betri vinatosha kurekodi wimbo katika chumba cha mbao cha Katoyi, kwa Kiswahili cha Katoyi, bila kuvuka mpaka wowote. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, nayo haihusiani na kwamba sauti yake ni bora au duni kuliko ya vali.

Lakini faida hiyo ina sharti. Mkanda wa analogia huchakaa polepole, na hata uliochakaa husikika. Faili ya tarakimu hubaki kamili hadi siku diski inapokufa, na siku hiyo hakuna kinachobaki. Nyimbo za Mwenda za 1952 zinasikika leo kwa sababu kulikuwa na mtu aliyezirekodi na taasisi iliyozitunza. Nyimbo zinazorekodiwa leo katika vyumba vya Goma hazina mtunzaji wa namna hiyo. Kazi ya kuzinakili, kuandika majina ya waliozipiga na kuziweka mahali zaidi ya pamoja, ndani na nje ya mji, haiwezi kuachiwa wapigaji peke yao, ambao huenda kesho wakalazimika kuchagua tena kipi cha kubeba. Ni kazi ya vyuo vikuu, na vya Kivu vikiwa vya kwanza.